Jinsi ya Kuwatia Moyo Mafundi Wako Bila Kufungua Pochi: Mwongozo kwa Bosi Anayejenga Bwera

Hongera, bosi. Umepata kiwanja Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo kiasi kwamba jogoo wa Kasindi ndiye atakayewaamsha wageni wako. Ramani unayo: maduka chini, loji juu, uwanja wa kuegesha malori nyuma. Umechagua vizuri. Tangu Juni 16, 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walipokutana hapo mpakani kuzindua ujenzi wa barabara za mashariki mwa Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi kwenda Beni, hakuna mwenye ploti hapo jirani Mpondwe anayelala bila kuota vyumba vya kupangisha.

Kilichobaki ni watu wa kujenga. Hapo ndipo wenye majengo wengi wanapopotea: wanadhani fundi anafanya kazi kwa sababu analipwa. Wewe umeshahudhuria semina hotelini Kampala. Umejifunza kwamba binadamu anasukumwa na motisha, moyo wa kujituma na hisia ya kuwa ndani ya familia moja. Mwongozo huu utakusaidia kuwapa motisha nyingi mpaka usibakiwe na haja ya kuwapa kitu kingine.

Daftari

Asubuhi ya kwanza watashuka vijana kutoka Ihandiro, Isango na Karambi. Wengine wametoka nyumbani gizani, gambuti wamezibeba begani ili zisichakae njiani. Watakusalimu: "Wabukire." Itikia kwa Kiingereza, tena kile cha Kampala, ili ijulikane mapema nani kaja kujenga na nani kaja kujengewa.

Kisha fungua daftari. Hapa kuna maarifa ambayo Makerere hawayafundishi. Mkonzo, mwenyeji wa huku, hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: mtoto wa kiume wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Ng'ambo ya daraja la mpakani, upande wa Kongo, kwa Wanande mtindo ni ule ule, ila Bwambale wa huku ni Kambale wa kule, na Masereka ni Kasereka. Kwa hiyo ukiandika jina moja moja tu, bila jina la pili wala namba ya kitambulisho, ukurasa mmoja utakupa akina Masereka wanne na Kasereka mmoja wa nyongeza. Usirekebishe. Siku ya malipo akija Masereka wa kubeba mchanga, mwonyeshe penye tiki: "Masereka alishachukua." Akiuliza ni Masereka yupi, mwambie wakaelewane wenyewe, wao ni ndugu. Kwenye semina waliita jambo hili kujenga moyo wa timu.

Mkataba usiandike. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, lakini maandishi yana ubaya mmoja: yanasomeka. Sema kwa mdomo, tena ukiwa kwenye gari, injini inanguruma. Na wote waite lejaleja. Lejaleja ni mtu wa leo; hana likizo, hana ugonjwa, hana kesho. Kuna kanuni za mwaka 2011 zinazosema kwamba mtu asiwekwe kwenye kazi ya kibarua zaidi ya miezi minne, na kwamba akiivuka anastahili mkataba wa maandishi kama wafanyakazi wengine. Dawa yake ni rahisi: mwezi wa nne ukikaribia kwisha, waachishe wote Ijumaa na uwaajiri wote Jumatatu. Watashangaa kidogo, lakini watafurahi kupata kazi mpya.

Ni kweli kanuni hizo hizo zinamweleza kibarua kuwa ni mtu wa kulipwa kwa siku au kwa saa, malipo yake yakiiva kazi ya siku inapokwisha. Yaani ukishamwita lejaleja ili usimpe mkataba, umejifunga kumlipa jioni ile ile. Wanasheria ni watu wasiopenda maendeleo. Chukua nusu ya kwanza ya sheria, ile ya pili waachie wao.

Mshahara, kama hauna budi kutajwa

Ukibanwa sana juu ya malipo, toa sheria. Kima cha chini cha mshahara kinachotambuliwa Uganda ni shilingi 6,000. Si kwa siku, bosi, ni kwa mwezi. Kiliwekwa mwaka 1984 na hakijabadilishwa tangu hapo. Bunge lilipitisha muswada mpya Februari 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo ukimlipa poota, yule msaidizi wa fundi, 12,000 kwa siku, kwa jioni moja umempa kima cha chini cha miezi miwili. Mweleze hivyo. Mwambie kisheria wewe ni mfadhili. Kwamba hizo 6,000 hazifikii hata robo ya bei ya mfuko wa saruji inayotengenezwa hapo Hima, ndani ya wilaya hii hii ya Kasese, ni jambo ambalo halihusiani na mada.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, maana kuahidi malipo si sawa na kuyatoa. Tuseme una mafundi sita wa 25,000 kwa siku na mapoota kumi wa 12,000. Kila jioni unadaiwa 270,000. Waambie utalipa kila baada ya wiki mbili "ili pesa ije kwa pamoja, mfanye jambo la maana". Siku kumi na mbili za kazi zikitimia, kwako zimelala 3,240,000. Umekopa zaidi ya milioni tatu, bosi, bila riba, bila dhamana, bila kujaza fomu, na mkopeshaji wako ni kijana anayelala kwenye stoo ya saruji. Nenda benki yoyote ya Kasese uulize kama wana mkopo wa namna hiyo.

Lakini mkopo huo nao una shina. Kijana akifanya kazi wiki mbili bila shilingi anakula nini? Anakula kwa mama wa chakula, yule aliyejenga kibanda cha turubai pembeni ya saiti yako, sufuria mbili na jiko la kuni. Bundu (ugali wa mhogo na mahindi), sombe, maharage, na samaki wa Ziwa Edward siku ambazo wauza samaki wa Katwe wana huruma. Mama hana daftari kubwa kama lako. Ana kipande cha boksi la sabuni, na juu yake mistari ya mkaa kwa kila kichwa. Akina Masereka wanne hajawahi kuwachanganya hata siku moja. Yeye unga anaununua taslimu, kwa sababu anayemuuzia naye anangojwa na mwenye lori. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya pili bundu inapungua ukubwa. Wiki ya tatu mama anakuja kwako mwenyewe, amefunga kitenge vizuri, anakusalimu kwa magoti, anasema, "Mzee, vijana wako wananila."

Hapo usikasirike. Mwitikie kwa heshima, "Mama, vumilia kidogo, ahadi ni deni," kisha uingie kwenye gari. Hukusema uongo. Lakini ukitazama jengo lako jioni ile, nguzo zimesimama, matofali yamefika linta, ujue kwamba ghorofa ya loji imesimama juu ya mkopo wa mwanamke mwenye sufuria mbili. Benki ya Dunia yenye mikopo yake yote haijawahi kumfikia.

Ukiamua kulipa, chagua siku vizuri. Jumamosi ni bora kuliko zote. Wasabato ni wengi katika milima hii ya Rwenzori, na Msabato wa kweli haji kudai pesa siku ya Sabato. Nusu ya kikosi itakosa, nusu nyingine utaiambia huwezi kulipa watu nusu nusu. Jumapili ni ya Wakatoliki na Waanglikana. Jumatatu wewe uko Kampala. Ukilipa kwa simu, tuma kiasi kamili bila ya kutolea. Ada ya wakala, pamoja na ule ushuru wa nusu asilimia ambao serikali inautoza kwenye utoaji wa pesa za simu tangu 2018, ni mchango wa mfanyakazi katika ujenzi wa taifa.

Wakitishia kwenda kwa afisa wa kazi, usiwazuie. Ofisi za wilaya ziko Kasese mjini, zaidi ya kilomita 40, unapita Kikorongo. Nauli ya kwenda na kurudi inakula mshahara wa siku anayokwenda kuudai. Sijui nani aliupanga umbali huo, lakini angestahili kuwa mhasibu wako.

Hotuba, fulana na Bwana Herzberg

Kila Jumatatu wakusanye kwa dakika arobaini na tano (muda huo haulipwi, si kazi) na uwahutubie. Anza na neno "familia". Sema kwamba wewe pia ulianzia chini, hata kama ulianzia chini ya paa la baba yako mwenye maduka matatu. Kisha mlete Frederick Herzberg, mwanasaikolojia Mmarekani aliyetoa kitabu mwaka 1959 pamoja na wenzake. Herzberg alisema kwamba mshahara haumpi mtu ari ya kazi. Ukikosekana unaleta manung'uniko, ukiwepo unayaondoa tu, basi. Ari yenyewe inatoka kwenye kazi: kufanikiwa, kutambuliwa, kupewa jukumu. Wamiliki wa kampuni duniani kote waliposikia sehemu ya kwanza walisimama wakapiga makofi, na wengi hawajaketi hadi leo.

Usiwaambie mapoota alihoji akina nani. Aliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, watu ambao mwezi ukiisha pesa zao zinaingia bila kupiga simu. Kwa watu wa namna hiyo, naam, kinachobaki ni kutambuliwa. Mtu anayedaiwa na mama wa chakula hakuwemo kwenye ile sampuli. Na hata Herzberg mwenyewe aliyataja malipo na mazingira ya kazi kuwa mambo ya kwanza kusafishwa, kabla hujaanza kuzungumza juu ya ari. Ukurasa huo uruke.

Baada ya hotuba, gawa fulana. Iandikwe PAMOJA TUNAJENGA kifuani na jina la loji yako mgongoni. Bei yake ikate kwenye malipo, polepole, ili wasihisi. Chagua pia Mfanyakazi Bora wa Mwezi, umpe cheti chenye fremu. Mwezi wa kwanza mpe mpwa wako anayeshika funguo za stoo. Mwezi wa pili mpe fundi yeyote ambaye amekwisha kuondoka, kwa kuwa huyo hatakuja kuuliza kama cheti kinalika.

Mgongo wa fundi

Mwaka 1885 kijana mmoja wa Boston, Frank Gilbreth, aliacha kwenda chuo akaanza kujifunza uashi. Akawa anashangaa: kila mwashi anainama hadi chini kuokota tofali, anainuka na mwili wake wote, analigeuza kutafuta upande mzuri, analiweka, anainama tena. Tofali ni jepesi. Kinachomchosha ni kuubeba mwili wake mwenyewe siku nzima. Gilbreth akatengeneza jukwaa lenye rafu linalopanda kadiri ukuta unavyopanda, matofali na udongo vikae usawa wa kiuno. Akamweka kibarua wa kuyachagua na kuyapanga uso mzuri juu. Akahakikisha udongo una ulaini unaofaa ili mwashi asigonge gonge tofali kwa mwiko. Mijongeo kumi na minane ikawa mitano. Kitabu cha 1911 cha Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani wa usimamizi wa kazi, kinasema mwashi alitoka matofali 120 kwa saa hadi 350, na Taylor, ambaye hakuwa rafiki mkubwa wa wafanyakazi, alishikilia kwamba njia hizi haziendi bila nyongeza ya mshahara.

Hatari hii ikae mbali na saiti yako. Rafu ni mbao tatu na misumari, poota wa kupanga matofali ni 12,000, hasara tupu. Mwache fundi ainame. Matofali yamwagwe popote lori litakapochoka, mchanga upande huu, maji upande ule. Maji yenyewe yabebwe kwa madumu na wanawake, kutoka mtoni Lhubiriha kama bomba limekauka. Wanawake hao walipe nusu ya poota kwa hoja kwamba "wanasaidia tu". Saa nne asubuhi utawakuta mafundi sita wamesimama, mikono kiunoni, wanangoja udongo. Piga picha. Itume kwenye kundi la WhatsApp la wenye majengo, uandike chini yake: "Ndiyo maana nchi haiendelei."

Kuanguka

Jukwaa lijengwe kwa miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa misumari ya kunyoosha, ile iliyokwisha kutumika kwenye fomu ya msingi. Kofia ngumu nunua moja. Ni yako, na ni ya mgeni wa heshima siku ya kupiga picha. Lile tangi la kunawia mikono lililobaki tangu Ebola ya Juni 2019, ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakalazwa hapo Bwera, lina bomba bado: lifanye la kuloweshea matofali. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo, limefungwa kwa kufuli, ufunguo kwa mpwa wako.

Akianguka mtu, sema alikuwa amekunywa. Sema mapema, kabla hajafikishwa hospitali ya Bwera, ili maneno yako yatangulie. Kuna kikwazo kidogo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mwajiri analipa kwa aliyeumia akiwa kazini hata kama kuumia huko kumetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe, na akifa, familia yake inastahili mapato ya miezi 60. Inakutaka pia uwe na bima kabla ya ajali. Ukipiga hesabu ya fundi wa 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 60, unafika milioni 39. Kwa fedha hiyo ungeweza kununua kofia ngumu, buti, kamba za usalama na mbao za jukwaa kwa saiti zote za Bwera na Mpondwe, na bado ubakiwe na ya chai. Usifanye hesabu hiyo jioni, utakosa usingizi. Mpelekee mke wa marehemu gunia la mchele na laki mbili kwenye matanga, ukae mbele na wazee, uondoke kabla ya hotuba ya mjomba.

Kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nitakuwa mfupi. Tangu marekebisho ya Januari 2022 kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kupeleka michango: asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 5 kutoka kwa mfanyakazi. Wapo wanaokata zile tano kwa uaminifu mkubwa na kusahau hatua zinazofuata. Hilo silishauri, hata kejeli ina mipaka yake.

Usiwatazame Wakanada

Wazee wa Kasese watakusumbua na habari za mgodi wa Kilembe. Watakuambia shaba ilipoanza kutoka miaka ya 1950, na reli ikafika Kasese 1956, kampuni ya Wakanada haikuanza na fulana. Ilijenga nyumba za wafanyakazi bondeni mwa Nyamwamba, ikajenga hospitali, ikaweka shule. Mgodi ulinyamaza mapema miaka ya 1980, lakini hadi leo utakutana na mzee anayesema "sisi wa Kilembe" kama mtu anayetaja ukoo wake. Sisemi ilikuwa paradiso. Mgodi ni mgodi, na shaba haikusafiri kwenda kuwatajirisha Wakonzo. Nasema tu kwamba hakuna mtu atakayewahi kusema "sisi wa loji ya bosi". Kwako wewe hiyo ni afueni. Mtu akijiona wa mahali, anaanza kuuliza maswali ya mahali hapo.

Kongo inapiga simu

Adui yako mkubwa yuko ng'ambo ya daraja. Beni na Butembo wanajenga, na wanalipa kwa dola. Fundi mzuri wa Bwera anaongea Lhukonzo, ambacho ng'ambo wanakiita Kinande na wanaelewana bila mkalimani. Anaongea Kiswahili cha soko. Ana shemeji Kasindi. Kunapotulia kule, anavuka. Risasi zinaposikika, anarudi, na wewe unapata mafundi kwa bei nafuu. Wapo mabosi ambao wamekuwa wafuatiliaji makini wa habari za usalama za Kivu Kaskazini kwa sababu hiyo tu. Jifunze kwao. Taarifa ikiwa mbaya, shusha malipo. Ikiwa nzuri, anza kuzungumzia uzalendo.

Msimu wa kahawa nao utakuibia watu. Kahawa ikiiva milimani, poota anakwenda kuchuma ya baba yake, na huko pesa ni ya mkononi. Mwambie ujenzi una mustakabali. Akikuuliza malipo ya wiki iliyopita yako wapi, rudia neno mustakabali kwa sauti ya upole zaidi.

Siku ya slebu

Nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo siku pekee ambayo ujanja wote huu unaweza kukugeuka. Ukuta unangoja. Plasta inangoja. Rangi inaweza kungoja hadi mtoto wako amalize chuo. Lakini saruji ikishakutana na maji haimjui bosi. Slebu ikianza kumwagwa lazima imalizike; ukikatisha katikati, zege la kwanza linashika, la pili linakuja juu yake bila kuungana nalo vizuri, na pale kwenye mshono maji ya mvua yatapita miaka yote, yashuke kwenye vitanda vya loji.

Niliwahi kuiona siku ya namna hiyo, si mbali na barabara ya kwenda mpakani. Mashine ya kuchanganyia ilianza kunguruma alfajiri. Watu zaidi ya thelathini, wengine wamekodiwa kwa siku moja, walipanga mstari kwenye ngazi ya miti, makarai ya zege yakipanda mkono kwa mkono, matupu yakishuka yakirushwa. Bosi alikuwa amechinja mbuzi, na harufu ya supu ilikuwa inatembea saiti nzima. Kufikia saa nane mchana slebu ilikuwa nusu, na Rwenzori ilikuwa imeanza kuvaa mawingu. Hapo poota mmoja, mdogo wa umbo, akaliweka karai chini, akalifunika, akalikalia. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyepiga kelele. Mstari mzima ukaketi.

Fomani akamwendea bosi. "Mzee, vijana wanaulizia zile wiki tatu."

"Waambie waje kesho ofisini."

"Zege haliji kesho, mzee."

Bosi akatazama juu, akatazama mashine inayozunguka, akamtazama mbuzi. Mbuzi hakuwa na msaada. Baada ya robo saa wakala wa pesa za simu aliletwa kwa boda, mkoba kifuani, akakaa kwenye mifuko ya saruji akaanza kuhesabu noti. Ajabu ni kwamba siku ile daftari halikuwa na utata wowote. Akina Masereka wote walijulikana, mmoja mmoja, kwa jina la baba na kijiji alichotoka, na hata siku za mvua ambazo zilikuwa zimepotea zikapatikana. Mama wa chakula alikuwa amesimama pembeni na boksi lake la sabuni, akipokea kutoka kila mkono uliolipwa. Kisha makarai yakageuzwa, mstari ukasimama, na slebu ikamalizika kwa taa za boda mbili. Sijapata kuona watu wenye ari ya kazi kama wale, na hakuna aliyewahutubia.

Ukitaka kuepuka aibu ya namna hiyo, wapo wanaoshauri ulipe madeni yote siku moja kabla ya kumwaga. Ushauri huo ni mzuri, lakini ukiufuata utazoea, na ukizoea utaanza kulipa hata wiki zisizo na slebu.

Mwishowe wataondoka, usihuzunike. Kila saiti ya namna hii hufika siku ambayo asubuhi unakuta mpwa wako peke yake, amekaa juu ya kofia ngumu. Bandika tangazo kwenye lango: WANATAFUTWA MAFUNDI WENYE KUJITUMA. Lalamika redioni kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi. Ila usivuke barabara kwenda kumuuliza yule jirani anayejenga duka la vipuri, anayelipa kila jioni saa kumi na moja na ambaye ukuta wake umeupita wako ingawa alianza nyuma. Si mtu wa siri, atakueleza kila kitu, tena kwa sauti. Na mafundi wako wote wako kwake juu ya jukwaa, watakuwa wanakusikiliza.